Kusoma Jedwali la Elementi Bila Kulikariri

Jedwali la elementi, ambalo baadhi ya vitabu vya Kiswahili huliita jedwali radidi na vingine mfumo radidia, limebandikwa ukutani katika maabara nyingi za shule, na wanafunzi wengi huketi mbele yake kwa miaka minne wakiliona kuwa orodha ya majina ya kukariri kabla ya mtihani. Kukariri huko ni mzigo ambao jedwali lenyewe lilibuniwa ili kuuondoa, kwa kuwa aliyelipanga, Mrusi Dmitri Mendeleev, alikuwa mwalimu aliyekuwa akiandika kitabu cha kiada cha kemia na akitafuta namna ya kuwapangia wanafunzi wake habari nyingi zilizotawanyika. Aliyekariri majina ishirini ya mwanzo anaweza kujibu swali moja. Aliyeelewa kwa nini kila elementi imewekwa pale ilipo anaweza kueleza tabia ya elementi ambayo hajawahi kuishika mkononi, namna inavyoungana na oksijeni, na pengine hata hatari yake mwilini. Mwongozo huu unahusu ujuzi huo wa pili.

Kisanduku kimoja

Elementi ni dutu isiyoweza kugawanywa kwa njia za kikemia ikawa dutu nyingine iliyo sahili zaidi. Chuma, oksijeni, dhahabu na salfa ni elementi, ilhali maji, chumvi na chokaa si elementi, kwa kuwa kila moja imeundwa na elementi mbili au zaidi zilizofungamana, na dutu ya namna hiyo huitwa kampaundi. Chembe ndogo kabisa ya elementi inayobaki na sifa zake ni atomi, ambayo katikati ina kiini chenye protoni, zilizo na chaji chanya, pamoja na nyutroni, zisizo na chaji, na kiini hicho huzungukwa na elektroni, zenye chaji hasi. Elementi zilizotambuliwa rasmi hadi sasa ni 118, na kila moja ina kisanduku chake.

Ni vyema msomaji aanze na kisanduku kimoja, kwa mfano cha klorini, yenye alama Cl. Humo atakuta namba mbili. Namba nzima, 17, ni namba atomia, yaani idadi ya protoni zilizo katika kiini, nayo ndiyo kitambulisho cha elementi: atomi yenye protoni 17 ni klorini popote ilipo, iwe katika chumvi ya mezani au katika maji ya bomba, na ikiongezewa protoni moja haiwi klorini tena bali agoni. Namba ya pili, 35.45, ni uzani atomia, yaani wastani wa uzito wa atomi za elementi hiyo kama zinavyopatikana katika maumbile. Wastani huo hauwi namba nzima kwa sababu atomi za klorini hazilingani zote: takriban robo tatu zina nyutroni 18 na zilizobaki zina nyutroni 20, na atomi kama hizo, zenye protoni sawa lakini nyutroni tofauti, huitwa isotopi. Katika kusoma jedwali, namba atomia ndiyo inayoamua mahali, na uzani ni habari ya ziada. Waliochanganya mambo haya mawili zamani walipata tabu, kama itakavyoonekana mbele.

Alama nyingi hujieleza zenyewe, kama O ya oksijeni na N ya nitrojeni, lakini chache huwasumbua wanaoanza: Fe ni chuma, Cu ni shaba, Ag ni fedha, Au ni dhahabu, Pb ni risasi na Hg ni zebaki, zote zikitokana na majina ya Kilatini. Na ya sodiamu inatokana na neno natrium, lenye asili moja na natron, ambalo ni jina la magadi ya asili, na ndiyo maana ziwa moja la kaskazini mwa Tanzania huitwa Natron na jirani yake upande wa Kenya huitwa Magadi. Majina ni mawili lakini kinachotajwa ni kimoja, nacho ni chumvi za sodiamu zinazoachwa na maji yanayokauka katika Bonde la Ufa, zilezile zinazotiwa katika maharage yaive upesi. K ya potasiamu inatokana na kalium, ambayo asili yake ni neno la Kiarabu la majivu ya mimea, lililozaa pia neno alkali. Haina uhusiano na kivumishi cha Kiswahili -kali, ingawa aliyeona kipande cha potasiamu kikiwaka juu ya maji kwa mwali wa zambarau hangelikataa jina hilo. Baadhi ya waandishi wa Kiswahili hutumia natiri na kali badala ya sodiamu na potasiamu, na anayekutana na majina hayo asidhani kwamba ni elementi nyingine.

Mistari na makundi

Njia nyepesi ya kuelewa umbo la jedwali ni kutazama kalenda ya ukutani. Siku za mwezi hufuatana kwa namba, lakini haziandikwi katika mstari mmoja mrefu. Kila zinapotimia saba mstari hukatwa, na siku ya nane huandikwa chini ya ile ya kwanza, ili Ijumaa zote zikae katika safu moja na Jumatano zote katika safu nyingine, na anayejua kwamba gulio la kijiji ni la kila Jumatano hana haja ya kukumbuka tarehe zake. Jedwali la elementi limepangwa kwa mantiki hiyohiyo. Kuradidi ni kurudia jambo, na jedwali radidi ni jedwali la tabia zinazojirudia: elementi hufuatana kwa namba atomia, na kila tabia inapoanza kujirudia mstari hukatwa, ili zenye tabia moja ziangukiane katika safu moja ya wima. Mstari wa mlalo huitwa kipindi na safu ya wima huitwa kundi. Vipindi ni 7 na makundi ni 18.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa metali za kundi la 1. Lithiamu, ambayo ni ya 3, sodiamu, ambayo ni ya 11, na potasiamu, ambayo ni ya 19, zote ni metali laini zinazokatika kwa kisu, huelea juu ya maji, humenyuka nayo na kutoa gesi ya hidrojeni, na mmenyuko huzidi ukali kadiri mtu anavyoshuka. Kutoka ya kwanza hadi ya pili kuna hatua nane, na kutoka ya pili hadi ya tatu kuna nane nyingine. Hapo ndipo mfano wa kalenda unapoanza kupungukiwa, kwa sababu ndugu anayefuata, rubidiamu, ni wa 37, hatua 18 mbele. Sesiamu ni ya 55, hatua 18 tena. Na fransiamu ni ya 87, hatua 32. Jedwali ni kama kalenda ambayo wiki zake hurefuka kadiri mwaka unavyokwenda, na urefu wa vipindi vyake, kuanzia juu, ni elementi 2, 8, 8, 18, 18, 32 na 32, jumla 118.

Sababu ya kurefuka huko imo katika mpangilio wa elektroni. Elektroni hukaa katika matabaka yanayokizunguka kiini, ambayo huitwa mizingo. Mzingo wa kwanza hubeba elektroni 2 tu, na mizingo inayofuata hubeba zaidi. Kila kipindi huanza pale elektroni inapolazimika kuanza mzingo mpya wa nje. Katika vipindi vifupi elektroni zinazoongezeka huingia katika mzingo huo wa nje, kwa hiyo tabia hubadilika haraka kutoka kisanduku hadi kisanduku. Kuanzia kipindi cha nne, zinaingizwa elementi kumi ambazo elektroni zake mpya huingia katika mzingo wa ndani uliokuwa haujajaa, nazo ni metali mpito, zinazojumuisha chuma, shaba na nikeli. Na kuanzia kipindi cha sita zinaongezeka nyingine kumi na nne zinazojaza mzingo wa ndani zaidi. Mabadiliko ya ndani hayaonekani sana kwa nje, na ndiyo maana metali mpito zinazopakana hufanana hata kwa upande. Kobalti, nikeli na shaba ni za 27, 28 na 29, na si ajabu kwamba katika mashapo ya Kabanga, wilayani Ngara, nikeli imekutwa pamoja na kobalti na shaba.

Kanuni moja ya kutenda inatosha hapa. Kinachoamua jinsi elementi inavyofungamana na nyingine ni elektroni za mzingo wa nje, na elementi za kundi moja zina idadi sawa ya elektroni hizo: kundi la 1 lina moja, kundi la 2 lina mbili, na kuanzia kundi la 13 hadi la 18 idadi hupatikana kwa kutoa kumi katika namba ya kundi. Atomi huelekea kufikia hali ya mzingo wa nje uliojaa, ambao kwa kawaida ni wa elektroni nane, ama kwa kutoa, ama kwa kupokea, ama kwa kushirikiana. Kwa hiyo sodiamu, yenye moja ya kutoa, na klorini, iliyopungukiwa na moja, huungana moja kwa moja na kufanya NaCl, ambayo ni chumvi. Magnesiamu, yenye mbili, huhitaji klorini mbili na kufanya MgCl₂. Na alumini yenye tatu ikikutana na oksijeni inayohitaji mbili, hesabu hulazimisha Al₂O₃. Mwanafunzi anayejua kundi la elementi hana haja ya kukariri fomyula hizi, ingawa atahadhari na metali mpito, ambazo hazifuati hesabu hii kwa unyoofu: chuma, kwa mfano, huweza kutoa elektroni mbili au tatu.

Kusoma kwa ukoo

Faida kubwa ya jedwali huonekana pale msomaji anapozoea kuuliza, kuhusu elementi yoyote, ni nani yuko juu yake na ni nani yuko chini. Achukuliwe mfano wa kundi la 17, liitwalo la halojeni. Florini ni gesi ya manjano hafifu, klorini ni gesi ya manjano inayoelekea kijani, bromini ni kioevu cha rangi nyekundu iliyokoza, na iodini ni kitu kigumu cheusi kinachotoa mvuke wa zambarau. Rangi hukolea na hali hugandamana hatua kwa hatua, huku ukali ukipungua, kiasi kwamba klorini huifukuza iodini katika chumvi zake na kukalia nafasi yake. Kila mmoja wa ndugu hawa anajulikana nyumbani kwa mlango tofauti: klorini kwa kusafisha maji, iodini kwa ile chumvi ambayo pakiti zake Tanzania huandikwa kuwa na madini joto, na florini kwa dawa ya meno, pamoja na madhara ya floridi iliyozidi katika maji ya baadhi ya maeneo ya Arusha na Kilimanjaro, ambayo hubadili meno ya watoto yakawa ya kahawia. Hata hivyo jedwali huzungumzia elementi na haliwezi kusema moja kwa moja juu ya kampaundi: klorini peke yake ni sumu na sodiamu peke yake hulipuka majini, lakini zikiungana huwa kiungo cha mchuzi.

Undugu wa safu moja una upande wa hatari. Mwili hauna jedwali, nao hutambua elementi kwa ukubwa na namna ya kuungana kwake, kwa hiyo elementi yenye sumu huweza kupita kwa sura ya jamaa yake. Aseniki iko chini ya fosforasi katika kundi la 15. Ikiungana na oksijeni hufanya aseneti, inayofanana sana na fosfeti ambayo seli huitumia katika kuhifadhi nishati, na seli ikiipokea kazi hiyo huvurugika. Strontiamu ya kinururishi, inayotokana na milipuko ya nyuklia, hujikusanya mifupani kwa sababu iko chini ya kalsiamu katika kundi la 2, na sesiamu ya kinururishi husambaa katika misuli kwa sababu ni ya kundi la potasiamu. Anayesoma habari za sumu kwenye maji au ardhi atafaidika akitazama, kabla ya jambo lolote, sumu hiyo imekaa chini ya nani.

Upande wa kulia kabisa, kundi la 18, kuna gesi adimu, ambazo mizingo yake ya nje imeshajaa na kwa hiyo karibu hazina haja na elementi nyingine: heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni. Heliamu ilitambuliwa kwanza katika mwanga wa jua mwaka 1868, na William Ramsay akaipata hapa duniani mwaka 1895. Tabia yake ya kutoungana na chochote ndiyo inayoeleza kwa nini, baada ya kuzalishwa katika miamba ya kale kwa kuoza kwa urani na thoriamu, inaweza kusafiri ndani ya ardhi bila kupotelea katika kampaundi na kujikusanya mahali fulani, kama katika bonde la Rukwa, ambako watafiti walitangaza kuwapo kwake kwa wingi mwaka 2016.

Koltani, na undugu uliowachosha wanakemia

Hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu ya safu ya wima kuliko madini yanayochimbwa mashariki mwa Kongo na katika Rwanda kwa jina la koltani. Jina hilo ni kifupisho cha majina mawili, kolumbaiti na tantalaiti, nalo linataja mchanganyiko wa elementi mbili, niobiamu na tantalamu, ambazo karibu kila mahali zinapopatikana hupatikana pamoja. Katika jedwali, niobiamu ni ya 41 na tantalamu ni ya 73. Zinakaa katika kundi la 5, moja juu ya nyingine.

Historia yake ni ya kuchanganyikiwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett alitangaza elementi mpya aliyoiita kolumbiamu. Mwaka uliofuata Mswidi Anders Ekeberg akatangaza nyingine akaiita tantalamu. Mwaka 1809 William Wollaston, mwanakemia mashuhuri, akazipima na kuhitimisha kwamba zote mbili ni kitu kimoja. Ni mwaka 1844 tu ambapo Mjerumani Heinrich Rose alionyesha kwamba mna elementi mbili, na ile iliyofichama akaiita niobiamu kwa jina la Niobe, ambaye katika hadithi za Kiyunani ni binti wa Tantalus. Jina hilo lilichaguliwa kwa busara kuliko mengi yaliyomo jedwalini, kwa sababu kweli ni mtoto asiyebanduka kwa mzazi.

Msomaji makini atauliza: ikiwa kila kushuka kwa hatua moja huongeza mzingo na kupanua atomi, kwa nini tantalamu, ambayo uzani wake wa 180.95 ni karibu mara mbili ya 92.91 wa niobiamu, isiwe kubwa kuliko ndugu yake na ikatengwa kwa urahisi? Jibu limo katika zile elementi kumi na nne zinazoingizwa kati ya vipindi hivi viwili. Elektroni zake za ndani hazikingi vyema mvuto wa kiini, na protoni zinavyozidi kuongezeka atomi husinyaa hatua kwa hatua, hata zinapofikia tantalamu upanuzi uliotarajiwa umekwisha kufutwa na msinyao huo. Matokeo ni atomi mbili zenye ukubwa karibu sawa na elektroni za nje za namna moja, ambazo madini huzipokea bila kubagua. Jozi ya jirani, zirkoniamu na hafniamu katika kundi la 4, ina kisa kilekile, na hafniamu ilijificha ndani ya madini ya zirkoniamu hadi mwaka 1923. Kwa wachimbaji na wanunuzi jambo hili si la kitabuni tu: tantalamu ndiyo inayotafutwa kwa ajili ya kapasita ndogo za simu na kompyuta, na kuitenga na niobiamu huhitaji viwanda vyenye asidi kali, ambavyo kwa kawaida havipo karibu na mashimo yanakotoka madini.

Nafasi tupu

Wazo la kupanga elementi halikuanza na Mendeleev. Mjerumani Johann Döbereiner alikuwa ameona mwaka 1829 kwamba baadhi ya elementi hujipanga tatutatu, na uzani wa ile ya katikati hukaribia wastani wa zile mbili za pembeni. Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kalamu: lithiamu ni 6.94 na potasiamu ni 39.10, wastani wake ni 23.02, na sodiamu iliyo kati yake ni 22.99; kalsiamu ni 40.08 na bariamu ni 137.33, wastani wake ni 88.71, na strontiamu ni 87.62. Mwingereza John Newlands aliona katika miaka ya 1860 kwamba tabia hujirudia kila elementi ya nane, akailinganisha hali hiyo na sauti za muziki, na katika mkutano wa wanakemia wa London mwaka 1866 akaulizwa kwa kejeli kama alijaribu pia kuzipanga kwa alfabeti. Mjerumani Lothar Meyer naye alitengeneza majedwali yanayokaribia sana lile la Mendeleev.

Kilichomtofautisha Mendeleev mwaka 1869, wakati elementi zilizojulikana zilikuwa 63, ni ujasiri wa kuacha nafasi tupu. Alipoona kwamba hakuna elementi inayostahili kukaa chini ya alumini wala chini ya silikoni, hakuisogeza inayofuata ili kuziba pengo, bali aliliacha na kutabiri sifa za mgeni ambaye hajafika. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua galiamu, na alipopima densiti yake akapata 4.7; Mendeleev, ambaye hakuwa ameishika, akasema inapaswa kuwa takriban 5.9 na kwamba sampuli haikuwa safi. Kipimo kiliporudiwa kikatoa 5.9. Skandiamu ilifuata mwaka 1879, na mwaka 1886 Clemens Winkler akapata jerimaniamu, ambayo Mendeleev alikuwa ameikadiria uzani wa 72, nayo ikawa na 72.6.

Zoezi hilohilo linaweza kufanywa leo na mtu yeyote mwenye jedwali. Kisanduku cha jerimaniamu kifunikwe kwa kidole, kisha uchukuliwe uzani wa majirani wanne: silikoni juu, 28.09, bati chini, 118.71, galiamu kushoto, 69.72, na aseniki kulia, 74.92. Wastani wake ni 72.86, na kidole kikiondolewa itaonekana 72.63. Njia hii haifanyi kazi sawasawa kwa kila sifa. Potasiamu huyeyuka katika nyuzi joto 63.5 za sentigredi na sesiamu katika 28.5, wastani ni 46, lakini rubidiamu iliyo kati yake huyeyuka katika 39.3; mkisio huo si sahihi, ila unatosha kumwambia mtu kwamba atakutana na metali itakayoyeyuka juu ya bati la paa lililopigwa na jua.

Mendeleev alikosea pia, na kosa lake moja linafundisha kuliko mafanikio yake. Alipanga kwa uzani atomia, kwa kuwa protoni zilikuwa hazijajulikana, na kwa uzani teluriamu, 127.60, ilipaswa kuja baada ya iodini, 126.90. Lakini iodini ni ndugu wa klorini kwa kila hali, kwa hiyo alizigeuza na kudai kwamba uzani wa teluriamu ulipimwa vibaya. Haukupimwa vibaya, aliikosea sababu lakini mahali alipatia. Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1913, pale Henry Moseley, kijana wa Kiingereza, alipopima miali ya eksirei inayotolewa na elementi na kuonyesha kwamba kila moja ina namba inayoongezeka moja baada ya nyingine, nayo ni chaji ya kiini. Kwa namba hiyo teluriamu ni 52 na iodini ni 53, na agoni hutangulia potasiamu ingawa ni nzito kuliko yenyewe. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Pembe, ngazi na mstari wa chini

Baada ya makundi, msomaji azoee mielekeo miwili. Katika kipindi kimoja, kutoka kushoto kwenda kulia, protoni huongezeka huku mizingo ikibaki ileile, hivyo kiini huvuta kwa nguvu zaidi na atomi husinyaa. Katika kundi moja, kutoka juu kwenda chini, mizingo huongezeka na elektroni ya nje, ikiwa mbali na imekingwa na za ndani, hung'oka kwa urahisi. Ukarimu wa elektroni kwa hiyo uko pembe ya chini kushoto, kwa sesiamu na fransiamu, na uchoyo uko juu kulia, kwa florini, zikiachwa kando gesi adimu. Kati ya pembe hizo hupita mstari wenye umbo la ngazi, unaoshuka kuanzia boroni, ukitenganisha metali za kushoto na simetali za kulia. Zilizokaa kwenye ngazi yenyewe, kama silikoni na jerimaniamu, ni nusumetali, ambazo hupitisha umeme kwa kiasi kinachoweza kudhibitiwa, na juu ya tabia hiyo ndipo ilipojengwa elektroniki yote ya leo.

Visanduku viwili visimpotoshe msomaji. Hidrojeni huwekwa juu ya kundi la 1 kwa sababu ina elektroni moja, lakini ni gesi na si metali, na baadhi ya majedwali huiacha ielee peke yake. Heliamu ina elektroni mbili na kwa hesabu tupu ingekaa juu ya beriliamu, lakini mbili hizo zimeujaza mzingo wake, kwa hiyo imepelekwa kwa gesi adimu; mahali hapo tabia ilipewa uzito kuliko hesabu, na uamuzi huo unafaa. Mistari miwili inayochapwa chini ya jedwali, lanthanidi na aktinidi, si kiambatisho: ni sehemu ya vipindi vya sita na saba iliyoshushwa ili karatasi isiwe na safu 32 za upana. Ni Mmarekani Glenn Seaborg aliyependekeza katika miaka ya 1940 kwamba aktinidi ziwe na mstari wake, na elementi ya 106 ikapewa jina lake yeye akiwa bado hai.

Kipindi cha saba kilijaa mwaka 2016, pale elementi za 113, 115, 117 na 118 zilipopewa majina rasmi. Ya mwisho, oganesoni, imetengenezwa kwa atomi chache tu zinazodumu kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ingawa imekaa chini ya gesi adimu, mahesabu yanaonyesha kwamba huenda isiwe gesi hata kidogo, kwa kuwa katika viini vizito hivyo elektroni huenda kasi kiasi cha kuvuruga mielekeo iliyozoeleka katika vipindi vya juu. Msomaji anayetaka kujipima anaweza kuchora kwa penseli kisanduku cha 119 chini ya fransiamu, aandike ndani yake kundi, idadi ya elektroni za nje, fomyula ya chumvi yake na klorini, na uzani anaoukisia, kisha nafasi ya jina aiache wazi, kwa sababu hadi mwongozo huu unaandikwa hakuna maabara iliyofaulu kuitengeneza.